Boti za kukodi Ziwa Victoria: Vifaa vya kukagua kabla ya safari

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wanaofika Mwanza, Kisumu au Entebbe hukodi boti ndogo, ama kwa matembezi visiwani, ama kuwahi mzigo. Nyingi hazina ratiba wala ofisi ya tiketi, hivyo ukaguzi hubaki kwa msafiri mwenyewe.

Novemba 24, 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama pwani ya Mukono, Uganda, na watu zaidi ya 30 walikufa. Maofisa walisema ilijaza watu kupita uwezo wake na haikuwa na leseni. Miezi miwili kabla, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Tanzania, na kuua zaidi ya 200.

Nani anasimamia
Vyombo vya majini husimamiwa na TASAC Tanzania, KMA Kenya, na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi Uganda. Msafiri aombe kuona cheti cha ukaguzi na idadi ya abiria inayoruhusiwa.

Vifaa vya lazima
- Jaketi okozi kwa kila mtu, la mtoto likiwa la kipimo chake. Livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka. Likiwekwa chini ya kiti halisaidii boti ikipinduka.
- Boya lenye kamba, filimbi na tochi.
- Kizima moto, kwani mashine nyingi hutumia petroli.
- Nanga, makasia, na ndoo ya kutolea maji.
- Mafuta ya akiba na simu iliyofungwa ndani ya nailoni.

Mzigo na hali ya hewa
Mzigo mzito hulazwa sakafuni, katikati, na kufungwa. Ukirundikwa juu, au abiria wote wakihamia upande mmoja, boti hupoteza uwiano. Dhoruba kali ziwani hutokea zaidi usiku na alfajiri, hivyo utabiri usikilizwe kabla ya kung'oa nanga.

Ikipinduka, anayeweza aishike boti. Inayoelea huonekana kwa urahisi kuliko mtu anayeogelea peke yake.

Nahodha akikataa kupunguza watu, ni heri kushuka. Mzigo uliochelewa hufika kesho.