Tetemeko na mvumo wake

"Tetemeko" limetokana na kitenzi "tetema", kinachoeleza mwili unaotikisika kwa baridi, homa au hofu. Tarehe 10 Septemba 2016, Kagera ilipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, neno hilo lilitawala vichwa vya habari.

Ila ardhi haitetemi tu, huvuma pia. Miamba inapokatika chini, mawimbi ya kwanza huibana na kuiachia, kama sauti inavyofanya hewani, yakisafiri kilomita kadhaa kwa sekunde. Yakifika juu, sehemu yake huingia hewani. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo 20 hivi kwa sekunde, hivyo kinacholifikia ni sauti nzito ya chini: mvumo. Mawimbi ya pili, yaendayo polepole, ndiyo hutikisa nyumba kwa nguvu zaidi.

"Kishindo" ni kingine: hupiga mara moja. Volkano ya Krakatau, Indonesia, ilipolipuka mwaka 1883, kishindo chake kilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, takriban kilomita 4,800 kuvuka Bahari ya Hindi, kikadhaniwa ni mizinga.

Mwanahabari anayemhoji shuhuda wa tetemeko amwulize pia alichosikia, kisha achague: mvumo, ngurumo au kishindo.