Kipawa na Mafuta ya Zambia

Mwaka 1914 Mjerumani mmoja, Bruno Büchner, alileta ndege Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho makubwa ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti, miezi michache baada ya reli ya kati kufika Kigoma. Vita vikaanza, maonyesho yakafa, jeshi likaichukua ndege. Haikudumu. Mizigo ya vita ile ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na kambi yao, baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916, ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake.

Uwanja wa ndege wa leo uko Kipawa, kwenye Barabara ya Pugu ya zamani, ambayo sasa ni ya Nyerere. Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi, uwanja huo ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo walizozishika. Maofisa wao wa Kiingereza wakapakiwa kwenye ndege na kupelekwa Nairobi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja mwaka uliofuata. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru Rhodesia. Zambia haina bahari, na mafuta yake yalipitia huko huko Rhodesia. Desemba yakakatwa. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeshavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, Desemba 15, kwa sababu London haikumwondoa Smith. Ikalipia msimamo huo: mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa.

Hata hivyo, siku chache baadaye ndege za Britannia za jeshi la anga la Uingereza zilikuwa zikipakia mapipa ya mafuta Dar es Salaam na kuyapeleka Zambia. Mwalimu Nyerere aligombana na serikali ya Uingereza bila kumfungia mlango Rais Kaunda wa Zambia. Hilo lilihitaji akili pana na moyo mkubwa, na kwa maoni yangu uwanja huu haujapata kufanya kazi ya heshima kuliko hiyo. Mafuta mengine yalikwenda kwa malori, kwenye barabara mbovu iliyoua madereva wengi, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA ikafuata. Hadi leo anayetoka Kariakoo kwenda kupanda ndege hupita mbele ya stesheni ya TAZARA.

Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha lake. Jengo la pili la uwanja, lililochorwa na Mfaransa Paul Andreu, lilifunguliwa 1984. Oktoba 18, 1999, mwili wa Mwalimu ulitua hapo ukitoka London, na watu wakajipanga barabarani kuupokea. Baadaye uwanja ukapewa jina lake. Jengo la tatu, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, lilizinduliwa Agosti 2019. Siku hizi wafanyabiashara wa Kariakoo hulipitia wakienda Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa.

Waliopakia mapipa yale sasa ni wazee sana. Wenye mamlaka ya uwanja wawatafute walio hai, wayaandike maneno yao, na waweke kumbukumbu ya mwaka 1965 mahali ambapo kila abiria ataiona.