Swali la Nyongeza: Safari Ndefu ya Kumhoji Waziri

Ikifika saa tatu asubuhi, Ushirombo imeshaamka zamani. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanakatiza mji yakitokea Kahama, bodaboda zinagombea abiria pembeni ya lami, na huko machimboni karasha zinasaga mawe ya usiku. Ni saa hiyo hiyo ambapo Dodoma Bunge linaketi, dua inasomwa, na Katibu anatangaza kipindi cha maswali. Penye redio, iwe kwa mama ntilie au kwenye kibanda cha fundi simu, maneno yanayofuata yanajulikana kwa moyo. Mbunge anasimama na kuomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri naye anasimama na, kwa niaba ya Waziri wake, anaomba kujibu “kama ifuatavyo”.

Jibu linasomwa kutoka kwenye karatasi. Lina takwimu, lina majina ya vijiji, na mara nyingi linaishia kwenye bajeti ya mwaka ujao au kwenye fedha zitakapopatikana. Kisha Spika anatamka maneno matatu, na msikilizaji aliyekuwa anachochea chai anaacha kijiko: swali la nyongeza.

Historia ya kumhoji waziri katika nchi yetu imo ndani ya maneno hayo matatu. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi. Wizara hulichambua, maofisa huandika jibu, na waziri au naibu wake hulisoma. Swali la nyongeza halina karatasi. Linazaliwa pale pale, kutokana na jibu lenyewe, na ndipo wananchi wanapojua kama waziri anaifahamu wizara yake na kama mbunge anaijua shida aliyotumwa kuisema.

Mtemi wa Shinyanga ndani ya LEGCO

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambalo wazee waliliita LEGCO, lilianza mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Gavana mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha mbele, na maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine. Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Serikali ilijiuliza na kujijibu.

Ukimya huo ulivunjwa mwaka 1945, walipoteuliwa Waafrika wawili wa kwanza. Mmoja alikuwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Wa pili alitoka huku kwetu: Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, Shinyanga. Ushirombo nayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipozaliwa Mkoa wa Geita. Watu wa ukanda huu, Wasukuma kwa Wasumbwa, wanayo sababu ya kukumbuka kwamba miongoni mwa sauti mbili za kwanza za Kiafrika ndani ya baraza lile, moja ilikuwa ya jirani yao.

Hata hivyo, kuteuliwa hakukumpa mtu meno. Julius Nyerere aliteuliwa kuingia LEGCO mwaka 1957, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu kwa sababu mapendekezo yake yalikataliwa. Alikwishaona kwamba baraza ambalo serikali inaweza kulisikiliza na kulipuuza halimsaidii mwananchi. Gavana alikuwa ameacha kiti cha mbele mwaka 1953, alipopatikana Spika, lakini madaraka yalibaki kwake.

Chama kimoja, maswali mangapi?

Uhuru ulileta Bunge la wananchi, na mwaka 1965 ukaja mfumo wa chama kimoja. Ni rahisi kudhani kwamba zama zile hakuna aliyehoji. Wapiga kura walihoji. Katika uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa TANU, chama hicho kimoja, walisimamishwa karibu kila jimbo, na wananchi wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mmoja wa waasisi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Lilikuwa swali la nyongeza lililoulizwa kwa kura.

Ndani ya Bunge mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella Bantu wa Nzega, mmoja wa watu waliokuwa karibu na kuzaliwa kwa chama hicho. Kufukuzwa chama kulikuwa kufukuzwa bungeni. Wenzao waliobaki walipata somo ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote, kwamba swali lina bei.

Zama zile wakuu wa mikoa nao walikuwa wabunge kwa cheo chao. Mtu aliyeongoza mkoa kwa niaba ya Rais aliketi ukumbi mmoja na mbunge aliyetakiwa kuisimamia Serikali. Utaratibu huo ulikwisha pamoja na mfumo wa chama kimoja. Leo mkuu wa mkoa hasimami bungeni kujibu. Swali la zahanati isiyo na dawa au kituo cha afya kilichoishia kwenye lenta linakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, naye hukusanya maelezo kutoka mkoani na kwenye halmashauri. Safari hiyo ya kutoka Ushirombo hadi Dodoma na kurudi ni ndefu, na ukweli unaweza kupungua uzito njiani mbunge asipokuwa ameyaona mambo kwa macho yake.

Buzwagi na Richmond

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inataja waziwazi haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa 1995 ukaleta wapinzani bungeni, ibara hizo zilianza kupimwa kwa vitendo.

Kipimo kikubwa kilitoka kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Chini ya sheria ya madini ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, na mikataba ilifungiwa kabatini hata wabunge wasiione. Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama. Aliusaini London.

Agosti mwaka huo, Zitto Kabwe, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alitaka iundwe kamati teule kuuchunguza. Swali lake lilieleweka hata kwa asiyesoma sheria: kwa nini mkataba wa dhahabu ya Kahama umesainiwa Uingereza? Jibu alilopata ni kusimamishwa. Bunge lilimfungia hadi Januari 2008. Lakini swali lilikuwa limeshatoka nje ya ukumbi na kuingia sokoni, vijiweni na kwenye mabasi. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto aliyefungiwa akawa mjumbe wake. Mwaka 2010 sheria mpya ya madini ilipandisha mrabaha hadi asilimia 4.

Kamati ya Jaji Bomani ilipokuwa kazini, kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe nayo ilikuwa inachunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, nao mawaziri Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha wakaachia nafasi zao. Huo ndio mfano mkubwa kuliko yote wa swali lililokataa kufungwa na jibu la kwanza. Ni zama hizo pia, chini ya Spika Samuel Sitta, ambapo Kanuni za mwaka 2007 zilileta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi. Kwa nusu saa, anayejibu hajui ataulizwa nini.

Kiti kimoja, pande mbili za meza

Jimbo la Bukombe, ambalo makao yake ni Ushirombo, limeiona kazi hii kutoka pande zote mbili. Mwaka 2010 lilimchagua Prof. Kulikoyela Kahigi wa CHADEMA, mwanaisimu na mshairi ambaye, pamoja na Mugyabuso Mulokozi, alitoa diwani ya Malenga wa Bara. Mtu aliyetumia maisha kupima maneno ya Kiswahili alikwenda kuyatumia kwenye ukumbi ambao neno likikaa vibaya linampa waziri upenyo wa kukwepa.

Mwaka 2015 kiti kilikwenda kwa Doto Biteko wa CCM. Mwaka 2017, mwaka wa mzozo wa makinikia, mchanga wenye madini uliozuiwa kusafirishwa nje, Spika Job Ndugai aliunda kamati mbili: ya almasi chini ya Mussa Azzan Zungu, ambayo kiini chake kilikuwa mgodi wa Mwadui hapo Shinyanga, na ya tanzanite chini ya Biteko. Taarifa zilipokabidhiwa Septemba, Waziri George Simbachawene na Naibu Waziri Edwin Ngonyani walijiuzulu. Januari 2018 Biteko aliteuliwa Naibu Waziri wa Madini, na mwaka mmoja baadaye akawa Waziri kamili. Aliyekuwa anauliza sasa ndiye aliyesimama kujibu. Agosti 2023 akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Nishati.

Jimbo lenye waziri linapata heshima, na barabara ya kwenda kwa wakubwa inakuwa fupi. Lakini kuna jambo wapiga kura wa namna hiyo wanapaswa kulitazama kwa makini. Waziri haiulizi Serikali maswali bungeni, maana yeye ndiye Serikali. Biteko alipokuwa waziri, mchimbaji wa Bukombe mwenye shida ya leseni au ya marudio, mabaki ya mawe yaliyosagwa, hakuwa na mtu wa jimbo lake wa kusimama na kuomba swali lijibiwe. Alitegemea mlango wa ofisi, na mlango wa ofisi hauandikwi kwenye taarifa rasmi za Bunge.

Sheria za haraka, sauti iliyopungua

Mwaka ule ule wa 2017 ulituletea sheria ambazo ukanda wa dhahabu ulizililia kwa miaka: mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1, hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 migodini, na mamlaka ya Bunge kupitia mikataba ya maliasili. Zilikuwa sheria nzuri kwa nia. Lakini zilipitishwa kwa hati ya dharura, siku chache tu tangu miswada iwasilishwe. Sheria iliyokusudiwa kulipa Bunge nguvu ya kuhoji ilipita pasipo nafasi ya kutosha ya kuhojiwa.

Ishara nyingine za sauti kupungua zilikuja. Januari 2016 ilitangazwa kwamba TBC haitaonyesha tena mijadala yote ya Bunge moja kwa moja. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Prof. Mussa Assad, kwa sababu alisema Bunge ni dhaifu. Uchaguzi wa 2020 ukaacha karibu majimbo yote mikononi mwa chama kimoja. Mbunge wa chama tawala anaweza kuuliza kwa ukali, na wapo waliofanya hivyo. Swali ni kama ataendelea kuuliza baada ya jibu la kwanza, huku waziri akiwa mwenzake wa chama.

Ndiyo maana naamini historia hii haiishii Dodoma. Taarifa rasmi za vikao vya Bunge huchapishwa, na kijana wa Ushirombo mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa chini ya mwembe. Vikao vya baraza la madiwani hapo Ushirombo viko wazi kwa wananchi, na diwani ana haki ya kumtaka mkurugenzi aeleze fedha za kisima zimeishia wapi. Mbunge akirudi jimboni na kusimama mkutanoni kusema kwamba suala la maji alilifikisha, makofi yasubiri kidogo. Mzee mmoja anyanyuke, avue kofia, aseme kwa upole: “Mheshimiwa, tumesikia uliuliza, na tumesikia ulivyojibiwa. Swali lako la nyongeza lilikuwa lipi?”