Hesed: Ukuu wa Mungu na Neno Fadhili

Neno la Kiebrania "hesed", ambalo hutokea takriban mara 250 katika Biblia ya Kiebrania, karibu nusu yake katika Zaburi, ndilo nguzo ya sifa ambazo watunzi wa zaburi walimpa Mungu kwa wema wake, na kwa kuwa maana yake ni pana, kila mfasiri hulazimika kuamua ni sehemu ipi aibebe na ni ipi aiache. Wafasiri wa Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kiyunani, walichagua "eleos", neno la huruma, na Kilatini kikawafuata. Miles Coverdale, katika Biblia yake ya Kiingereza ya mwaka 1535, aliunganisha upendo na wema akaunda neno jipya. Kiswahili hakikuhitaji kuunda neno, kwani Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ililikuta "fadhili" likiwa tayari vinywani mwa watu, ikalitumia mahali pengi.

Maana ya hesed huonekana wazi zaidi katika shughuli za wanadamu kuliko katika nyimbo. Rahabu wa Yeriko, baada ya kuwaficha wapelelezi wa Yoshua darini chini ya mabua ya kitani, aliwataka waape kwamba, kama yeye alivyowatendea hesed, wao nao wataitendea hesed jamaa ya baba yake mji utakapotekwa. Hapo hesed si hisia ya moyoni bali ni tendo, nalo hutendwa na mwenye uwezo kwa yule ambaye saa hiyo hana pengine pa kukimbilia, ndani ya kifungo ambacho pande zote mbili zinakitambua. Nelson Glueck, katika utafiti wake wa mwaka 1927, alikazia kifungo hicho, akiieleza hesed kuwa ni mwenendo unaowapasa watu waliofungwa na agano. Katharine Doob Sakenfeld, mwaka 1978, alikazia uhuru wa mwenye nguvu, ambaye hakuna awezaye kumshurutisha. Zaburi zinahitaji yote mawili, kwa sababu Mungu anayesifiwa humo halazimishwi na mtu, wala hakiuki neno lake.

Je, fadhili inatosha? Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ziada, ule ule uliotupatia "afadhali" na "tafadhali", na kwa hiyo kumfadhili mtu ni kumpa zaidi ya anachostahili. Kuna jambo jingine lenye thamani kubwa: Mswahili husema "hana fadhila" juu ya mtu anayesahau wema aliotendewa, maana yake ni kwamba neno hilo hilo hubeba kipaji pamoja na kumbukumbu ya kipaji, na kumbukumbu hiyo ndiyo kiini cha zaburi ya sifa. Upungufu uko upande mmoja, kwamba fadhili za wanadamu huweza kukatwa wakati wowote na hata kusimangwa, ilhali hesed hudumu. Ndiyo maana Zaburi ya 136 huirudia katika kila mmoja wa mistari yake 26, ikitaja kila mara kwamba haina mwisho.

"Rehema" ni neno jingine. Lina undugu wa damu na "rahamim" ya Kiebrania, linalotokana na "rehem", tumbo la uzazi, na hivyo lina upole wa mama kwa mwana aliyemzaa. Zaburi ya 51 huyaweka hesed na rahamim katika mstari mmoja, na Union Version huyatofautisha vyema humo, moja fadhili na jingine rehema.

Utofautishaji huo haukudumishwa katika Zaburi ya 145, utenzi ambao mistari yake huanza kwa herufi za alfabeti ya Kiebrania kwa mfuatano. Mstari wa 8 unarejea maneno ya Kutoka 34:6, kama ufanyavyo mstari wa 8 wa Zaburi ya 103, lakini hesed iliyoitwa fadhili katika 103 imeitwa rehema katika 145, na fadhili imepewa "hannun", sifa ambayo 103 iliifasiri vizuri kwa neema. Kilichopotea zaidi ni kivumishi. Kutoka na Zaburi ya 103 husema "rav hesed", mwingi wa hesed. Mtunzi wa 145 ameondoa "rav" akaweka umbo la "gadol", kuu, neno lile lile alilomwitia Mungu katika mstari wa 3 aliposema kwamba ukuu wake hauchunguziki. Msikilizaji wa Kiebrania hutambua mara moja kwamba ukuu uliotangazwa mwanzoni umepatikana ndani ya wema wenyewe, wala si katika enzi peke yake. Msomaji wa Kiswahili hukuta "mwingi" katika zaburi zote mbili, na badiliko hilo humpita. Tafsiri iliyo sahihi ya maneno hayo ni "mkuu wa fadhili", na masahihisho yajayo ya Zaburi yanapaswa kuyaandika hivyo.