Wavu au Mikono Sita? Kumbe Hizi Rimu Zina Stori Ndefu

Jamaa mmoja mwenye Subaru Impreza ya bluu alisimama dukani zaidi ya saa nzima, macho kwenye seti mbili za rimu. Moja ya wavu, mdomo mpana unang'aa kama kioo. Nyingine ya mikono sita, rangi ya shaba, haina mbwembwe. Washkaji aliokuja nao wakagawanyika, kila mmoja na timu yake.

Ubishi huo una zaidi ya miaka 60, na haukuanzia mtaani. Ulianzia kwenye mashindano, na chanzo chake ni uzito.

Iko hivi: rimu, tairi na breki havibebwi na springi. Rimu ikiwa nzito, tairi likirushwa na shimo linachelewa kutulia tena barabarani, na hapo gari linapoteza mshiko. Ndiyo maana miaka ya 1960 kule Uingereza, vile vigari vya Mini Cooper vya rally vilivalishwa Minilite, rimu za magnesiamu zenye mikono minane. Marekani nao mwaka 1963 wakaja na Torq Thrust ya American Racing, mikono mitano, nafasi kubwa katikati ili breki zipate hewa. Mwaka 1968 Mustang ya kijani ikazivaa kwenye filamu ya Bullitt, ikaruka vilima vya San Francisco, na basi. Kifaa cha mashindano kikawa fasheni.

Wavu una stori yake. Mwaka 1970 jamaa wawili wa mji mdogo wa Schiltach, Ujerumani, walifungua kampuni wakaipa herufi za majina yao na la mji: BBS. Rimu zao za mashindano ziliungwa kwa vipande vitatu. Kipande kikipinda, unabadilisha hicho tu. Ukitaka rimu pana zaidi, unabadilisha mdomo. Mwaka 1983 ikaja BBS RS, na mtaa ukachizika. Zile boliti ndogo zinazozunguka rimu watu wanaziona pambo, kumbe zilikuwa na kazi.

Mikono sita ni ya Japani. Mwaka 1996 kampuni ya RAYS ilitoa Volk Racing TE37, alumini iliyofuliwa kwa mgandamizo mkubwa badala ya kumiminwa tu kwenye kalibu. Hiyo 37 ni kilo 3.7, uzito wa rimu ya inchi 15. Yaani jina lenyewe ni mizani!

Na rangi ya dhahabu je? Hiyo ni rally ya miaka ya 1990, Impreza za bluu zenye rimu za dhahabu. Mwaka 1997 dereva mmoja Mskoti alishinda Safari Rally nchini Kenya na Impreza, na tangu hapo Afrika Mashariki haikuhitaji kuelezwa Subaru ni nini.

Sasa tatizo ni kopi. Sura ya rimu inaigwa kirahisi, kazi ya kufua haiigwi. Kopi nyingi ni za kumiminwa, nzito, na ukikutana na shimo kwenye spidi inaweza kupasuka. Hapo si suala la muonekano tena, ni roho za watu. Angalia alama ya JWL, kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, ingawa nayo inaweza kughushiwa. Hakikisha pia matundu: Impreza nyingi za zamani ni 5x100, lakini STI za kuanzia 2005 ni 5x114.3. Ukikosea hapo, haiingii.

Turudi kwa jamaa. Akauliza swali moja tu: "Zina kilo ngapi?" Muuzaji akacheka, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wakaazima mizani kwa muuza mchele wa jirani. Fundi akavua tairi moja la Impreza, rimu ya zamani nayo ikapanda.

Zile mpya zote mbili, wavu na mikono sita, zilikuwa nzito kuliko rimu iliyokuja na gari kutoka Japani.

Washkaji kimya. Jamaa akarudisha pesa mfukoni, akaondoka na mkebe mmoja wa rangi ya dhahabu.

Ungekuwa wewe, ungebeba ipi?