Kazi baada ya kazi: wastaafu wa Lubumbashi na shughuli zao ndogondogo tangu 1910

Utangulizi

Mfanyakazi wa migodi ya Katanga amechunguzwa sana na wanahistoria. Tunajua alitoka wapi, aliandikwa kazi kwa mkataba wa namna gani, alipewa chakula gani na aligoma lini. Lakini siku anaporudisha vifaa vya kampuni na kupokea barua yake ya mwisho, vitabu vingi humwacha mlangoni, kana kwamba maisha yake yamekwisha pamoja na namba yake ya kazi. Makala hii inakusudia kumfuata mtu huyo baada ya mlango huo. Tutatazama bustani, matofali, kuku, mashine ya kusaga na hata karatasi za kuandikia, yaani zile shughuli ndogondogo ambazo wazee wa Lubumbashi wamezifanya walipoacha kazi ya mshahara. Hoja yetu ni kwamba shughuli hizo hazikuwa njia ya kupitisha wakati. Zilikuwa jibu la kihistoria kwa ahadi iliyotolewa, ikatimizwa kwa muda, kisha ikavunjika.

1. Maneno matatu

Inafaa tuanze na lugha, maana lugha yenyewe ni hati ya historia. Kiswahili sanifu hutumia neno kustaafu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kuomba kusamehewa wajibu. Katika mitaa ya Lubumbashi neno hilo husikika zaidi redioni na darasani. Nyumbani watu husema pansio, neno la Kifaransa lililokwisha kuvaa matamshi yetu. Tofauti hii si ndogo. Neno la kwanza lataja tendo la mtu, anayeomba kupumzika. La pili lataja fedha anazopaswa kupewa. Fedha hizo zilipopotea, neno lilibaki, na leo mtu aweza kuitwa wa pansio ilhali hapokei pansio yoyote.

Neno la tatu ni kazi. Johannes Fabian, katika makala yake ya mwaka 1973 juu ya dhana ya kazi miongoni mwa wafuasi wa Jamaa, alionyesha jinsi neno hilo lilivyobeba mzigo mzito wa fikra katika jamii ya wafanyakazi wa Katanga. Katika mazungumzo ya kila siku ya mji wetu, kazi kwanza ni ajira. Mama aliyelima tangu alfajiri huweza kusemwa kuwa hana kazi, na mumewe aliyeacha mgodi husemwa vivyo hivyo hata akiwa na jembe begani. Msomaji aikumbuke habari hiyo, kwa sababu tutairudia mwishoni.

2. Kabla ya pansio

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911. Katika miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na mzee wa kazi. Watu waliandikwa kwa miezi michache, wakachoka, wakaugua au wakatoroka, na wengine wakaletwa mahali pao. Aliyeishiwa nguvu alirudishwa kijijini. Kwa maneno mengine, gharama ya uzee wa mfanyakazi ilibebwa na ukoo wake, si na kampuni.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1928, kampuni ilipoanza kwa nguvu siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka 3, mke na watoto kambini, nyumba, posho ya unga, zahanati na shule. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 30 maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa kwao, lakini waliobaki walizidi kuzoea mji. Hata risasi zilizopigwa juu ya wagomaji mwezi wa Desemba 1941 hazikuufuta utaratibu huo. Kizazi kikazaliwa kambini, kikasoma kambini, kikaoa kambini. Kizazi hicho kilipozeeka, swali jipya likazuka: mtu asiyekijua kijiji cha baba yake atarudishwa wapi?

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa dekreti ya tarehe 6 Juni 1956 iliyoweka pensheni ya wafanyakazi. Baada ya uhuru, dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunda Taasisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, iliyojulikana kwa herufi INSS. Ndipo pansio ikawa haki iliyoandikwa. Hata hivyo palikuwa na tatizo ambalo karatasi haikulitatua. Nyumba ya kambini ilikuwa mali ya kampuni, na aliyeacha kazi aliacha nyumba pia. Kwa hiyo mradi wa kwanza wa mstaafu wa Lubumbashi ulianza kabla hajastaafu: kutafuta kiwanja Kenya, Katuba au Ruashi, kufyatua matofali siku za mapumziko, kununua bati moja moja. Aliyechelewa kujenga alijikuta, akiwa na miaka 60, anapanga chumba kama kijana.

3. Historia iliyoandikwa na watumishi wa zamani

Si wazee wote waliokuwa wa migodi. Wengine walikuwa wapishi, maboi na walezi katika nyumba za Wazungu. Hawa hawakuwa na kambi wala chama chenye nguvu. Tajiri alipoondoka, kazi iliondoka naye.

Mwaka 1965, katika mji huu, watumishi hao wa zamani walifanya jambo la ajabu. Kupitia chama chao walimwezesha André Yav kukusanya na kuandika historia ya mji, ikapigwa taipu na kunakiliwa chini ya jina la Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina hilo hudanganya, kwa maana hati si orodha ya maneno. Ni masimulizi ya Kiswahili cha Katanga kuhusu kuja kwa Wazungu, kukua kwa mji na maisha ya waliowatumikia, yakitazamwa kutoka jikoni na barazani. Tahajia yake haifuati kanuni ya shule. Fabian alipoitayarisha kwa uchapaji mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, ilibidi maandishi yasomwe kwa sauti na mwenyeji ili maneno yajitenge na maana ijitokeze.

Sisi wa isimu tumezoea kuitaja hati hiyo kama sampuli ya lahaja, na ni haki. Lakini itazamwe pia kama mradi wa wazee. Watu waliokwisha kutumikia, wasio na mali nyingi, waliona kwamba jambo la kufanya kwa pamoja ni kuandika. Kwao kumbukumbu ilikuwa dai. Aliyeandika kwamba alitumikia mji aliomba mji umtambue.

4. Fedha zilipoyeyuka

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na kampuni iliyoirithi ndiyo tunayoiita Gécamines. Kwa muda mrefu mrithi huyo aliendeleza desturi za marehemu: shule, hospitali, unga. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1991 na 1993 miji ikaporwa. Na mwaka 1994 uzalishaji haukufika tani 40,000.

Wakati huohuo fedha ziliangamia. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mwanafunzi azidishe mwenyewe: faranga 1 ilisimama mahali pa zaire 300,000,000,000 za zamani. Pansio iliyokadiriwa kwa mishahara ya miaka ya 70 au 80 ingewezaje kupita katika tundu hilo la sindano? Hata palipotolewa nyongeza, ilifika baada ya bei kupanda tena. Wazee walioahidiwa mapumziko wakajikuta wakilipa nauli ya kwenda kuulizia fedha zisizotosha nauli ya kurudi.

Hapo ndipo shughuli ndogondogo zilipogeuka kuwa nguzo ya nyumba. Mashamba yakazunguka mji. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwezi wa Novemba, mahindi na maharagwe hupandwa. Kiangazi huhamia kandokando ya vijito: lengalenga, matembele, kabichi ya Kichina, kila tuta likinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Fundi wa zamani wa karakana hukata bati na kutengeneza mbabula. Dereva wa zamani hutengeneza baiskeli za jirani. Ujuzi wa kampuni haukupotea. Ulihamia uani, ukapungua ukubwa, ukabadilisha wateja.

Tena tusipambe picha hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu kadhaa za mji zina udongo na mboga zenye metali nyingi kupita kiasi, urithi wa moshi na maji machafu ya viwanda. Mzee aliyeyeyusha shaba kwa miaka 30 hulima mchicha katika ardhi iliyotiwa sumu na tanuri lilelile, kisha huwalisha wajukuu.

5. Watu 10,655

Mwaka 2003 lilifanyika tendo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa kazini watu 10,655 katika kile kilichoitwa operesheni ya kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na miaka mingi ya utumishi na malimbikizo ya mishahara. Walipewa malipo ya mara moja, pungufu ya kile walichohesabu kuwa haki yao, na kwa neno hiari wengi wao hawakubaliani hadi leo. Walijiunga katika chama chao, wakaenda mahakamani, na mwaka 2009 malalamiko yao yalifika mbele ya Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo.

Fedha zilizopokelewa ziligawanyika haraka. Kwanza zililipwa deni, karo na dawa. Kilichobaki kiliingia katika miradi: shamba la mahindi, kuku wa mayai, mashine ya kusaga, gari dogo la abiria. Miradi mingi haikuishi. Sababu zake hazikuwa uvivu, kama wasemavyo baadhi ya vijana. Watu wengi walianza jambo lilelile, mahali pamoja, mwezi mmoja, na hivyo mashine za kusaga zilipita wingi wa wenye nafaka. Mtu aliyefanya kazi miaka 25 katika kampuni iliyomnunulia kila kitu hakufundishwa kutunza mtaji. Tena ndugu, waliokuwa wamevumilia miaka ya njaa, walidai sehemu yao, na kwa desturi zetu dai hilo si wizi.

Miradi iliyosimama mara nyingi ilikuwa ile midogo kabisa, na mara nyingi ilikuwa tayari mikononi mwa mama wa nyumba. Zamani kampuni ilimfundisha mke wa mfanyakazi kushona na kupika ili amtunze mume vizuri. Mume alipokosa mshahara, ni mama huyo aliyeuza munkoyo, mkaa, maandazi na mboga, akawa mlezi wa wote. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Bana Shaba walioachwa na baba yao, ameeleza jinsi mamlaka ya baba wa nyumba yalivyotikisika kampuni, iliyojifanya baba wa wote, ilipowaacha. Kwa hiyo mstaafu alijifunza kazi yake mpya kwa mkewe, na si kila mzee aliyeweza kulikubali somo hilo bila uchungu.

6. Hitimisho

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipanga upya usalama wa jamii nchini, na INSS ikawa Kaisi ya Taifa, CNSS. Tunaitakia heri. Lakini historia tuliyoipitia yatufundisha kwamba haki ya mzee haipimwi kwa tarehe ya sheria peke yake. Hupimwa pia kwa thamani ya noti siku inapopokelewa.

Turudi sasa kwenye neno kazi. Asubuhi moja nilimuuliza mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akinyunyizia matuta yake ya matembele, anafanya kazi gani. Alinijibu kwa adabu kwamba hana kazi, kazi aliiacha zamani. Kisha akainama kuchota ndoo nyingine. Jibu lake lilikuwa sahihi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na ndilo linalotuhusu sisi wa chuo. Ikiwa wenyewe hawaiiti kazi, haitaandikwa katika takwimu, haitahifadhiwa katika nyaraka za kampuni, wala haitafundishwa. Bustani haina faili.

Mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekwisha kuonyesha kwamba chuo kikuu kinaweza kukusanya masimulizi na vitu vya wakazi wa mji. Tunapendekeza wanafunzi wa Kiswahili na wa historia wafanye vivyo hivyo kwa shughuli za wastaafu: waandike majina ya zana, ya matuta, ya vipimo na ya madeni, kwa maneno ya wazee wenyewe na katika tahajia itakayosomeka. Watumishi wa mwaka 1965 walijiandikia wenyewe, bila chuo na bila mshahara. Wazee wa 2003 wanazidi kupungua kila mwaka, na wengi wao wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka madarasa yetu.