Cheti cha Cambridge: kilivyoondoka Tabora na kurejea Masaki

Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Waingereza walitawala Tanganyika kupitia machifu, hivyo warithi wa viti vile walipaswa kufundwa mapema. Wakapewa mabweni, viranja na nidhamu ya shule wanakosoma watoto wa mabwana kule Uingereza. Abdallah Fundikira, chifu wa baadaye wa Unyanyembe, alipita hapo. Mwaka 1937 akaingia kijana wa Butiama, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Huyo ni Julius Nyerere. Alitoka Tabora akaenda Makerere, kisha Edinburgh mwaka 1949.

Ukubwa wakati huo ulianzia kwenye ukoo, lakini muhuri wake ulitoka ng'ambo. Hata baada ya uhuru, mtihani wa kumaliza sekondari ulikuwa wa Cambridge. Aliyefaulu, alikuwa amefaulu mbele ya Mwingereza.

Nyerere aliyelelewa na mfumo huo ndiye aliyeuvunja. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, na sheria ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali. Mwaka 1971 Tanzania ikaanza kuendesha mitihani yake yenyewe, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na wengi wenye akili waliachwa vijijini. Hata hivyo, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima walifungua karatasi ileile, saa ileile. Kwangu mimi, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko majengo yote tuliyojenga.

Mwaka uleule wa 1969 ilianzishwa shule ya kimataifa Moshi, kwa ajili ya familia za wageni waliokuja kufanya kazi katika Hospitali ya KCMC. Dar es Salaam ilikuwa na yake tangu mwaka 1963. Zilikuwa shule za wapita njia. Kisha Cambridge ikaleta mtihani mpya wa kimataifa mwaka 1988, soko huria likaingia, na sera ya elimu ya mwaka 1995 ikawapanulia njia wenye shule binafsi. Wazawa wenye fedha wakapiga hodi kwenye milango iliyojengewa wageni.

Leo mtoto wa Masaki, mtaa wa wenye nazo Dar es Salaam, anaweza kusoma toka chekechea hadi chuo kikuu cha Toronto bila kuiona karatasi moja ya Baraza. Darasani anakaa na Mholanzi na Mhindi, na hilo ni jema. Kiswahili anakitumia kwa dereva na dada wa kazi. Mwenzake wa Mbagala, uswahilini katika jiji hilohilo, yuko shule ya serikali, wanayoiita Kayumba. Ada imefutwa, lakini darasa limefurika.

Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi duniani simlaumu. Ninaowadai ni viongozi wanaopanga mtaala wa taifa asubuhi, na jioni wakalipa ada kwa dola ili watoto wao wasiuguse. Wawalete watoto wao wafanye mtihani huu tunaofanya sisi. Madawati yatapatikana mwaka huohuo.